Bulpapu ya upepo ipi: Wildcat, Kral Breaker, Cricket au HW100 BP?

Bulpapu ni bunduki ambayo mitambo yake imerudishwa nyuma ya triga, ndani ya kitako chenyewe, ili mtutu ubaki mrefu huku bunduki nzima ikiwa fupi. Bunduki ya kawaida ya upepo, ile inayotumia hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi, hufika mita moja au kuzidi kidogo. Bulpapu nyingi huishia kati ya sentimita 70 na 80. Kwa anayejibanza ndani ya maficho ya wavu akingoja njiwa pori, au anayesaka panya usiku katikati ya mageti na mashine za ghalani, hizo sentimita 20 hadi 30 zilizopungua ni faida ya kweli.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko England na Wales, kwa sababu huku ndiko bunduki hizi zinakouzwa kwa wingi kwa watu wa kawaida, na huku ndiko sheria inakobadilisha kabisa namna ya kuzilinganisha. Bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haitakiwi kuzidi juli 16.27 mdomoni mwa mtutu, kile kipimo ambacho wauzaji hukiita futi-paundi 12. Yaani bunduki ya bei ya chini na ile inayogharimu mara tatu yake zinatoka dukani zikiwa na nguvu ileile. Anayekuambia hii "inapiga kwa nguvu zaidi" na zote mbili ni za kiwango hicho, hajakusaidia. Unacholipia ni vitu vingine, na vingi havionekani kwenye karatasi ya vipimo. Unavijua ukiiweka bunduki begani.

Nimechagua nne ambazo mnunuzi huku hukutana nazo mara nyingi. FX Wildcat MkIII inatoka Mariestad, Sweden. Kral Puncher Breaker inatoka mkoa wa Konya, Uturuki. Cricket inaundwa na Kalibrgun wa Jamhuri ya Cheki, na HW100 BP ni ya Weihrauch, kiwanda cha Kijerumani kilichoanza mwaka 1899 na ambacho leo kiko Mellrichstadt, Bavaria. Hatsan BullBoss nimeiacha nje kwa makusudi. Umbo lake ni la bulpapu, lakini inapita sentimita 90 na inakaribia kilo 4 kabla hujaweka darubini, na aliyekuja kutafuta bunduki fupi atakuwa amelipia jina tu. Galahad ya Air Arms, kiwanda kilichoko Hailsham huko East Sussex, ni bunduki nzuri yenye magazini ya risasi 10. Ukiikuta kwa bei nzuri ipime kwa vigezo hivihivi.

Wenzo uko wapi?

Hili ndilo swali langu la kwanza dukani, kabla ya bei. Kwenye bunduki ya kawaida wenzo wa kukoki uko mbele ya uso wako, na mkono unaufikia bila kufikiri. Kwenye bulpapu mitambo iko chini ya shavu, kwa hiyo mtengenezaji ana njia mbili: auache wenzo hukohuko nyuma, karibu na taya, au aunganishe fito zitakazouleta mbele.

Kral Breaker na Cricket wenzo wake uko nyuma, upande wa kulia. Ili ukoki risasi ya pili lazima mkono wa kulia uachie kishikio, urudi hadi karibu na sikio, uvute, urudishe, kisha ushike upya. Ukiwa umelala kifudifudi, kiwiko kinainuka na bunduki inasogea. Sungura aliyenyanyua kichwa baada ya risasi ya kwanza huwa anatazama huko huko unakojitikisa. Kwenye Wildcat za sasa wenzo umeletwa mbele, juu ya mkono unaofyatua, na unaweza kukoki bila kuondoa shavu kwenye kitako. Kwa mwindaji hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya Wildcat na Kral, na nadhani ndiyo inayohalalisha sehemu kubwa ya bei iliyozidi.

Wenye mkono wa kushoto wasome hapa mara mbili. Anayeweka bunduki bega la kushoto, shavu lake hulala upande wa kulia wa kitako, palepale wenzo wa nyuma ulipo. Wenzo huo utamgusa taya, na kila akikoki atalazimika kuinua kichwa. Usinunue bulpapu ya wenzo wa nyuma kwa kutazama picha. Nenda ukaiweke begani, ukoki mara kadhaa ukiwa umefumba macho, na uone mkono unakwenda wapi wenyewe.

Kuna jambo la usalama linaloambatana na hili. Kwa kuwa magazini imejificha chini ya shavu, ni rahisi kusahau kama ulishakoki. Ukikoki mara mbili bila kufyatua, risasi ya pili husukumwa nyuma ya ya kwanza, zote mbili zikakaa mtutuni. Jizoeze mapema: ukiahirisha kupiga, toa magazini, elekeza mtutu ardhini penye udongo laini, fyatua, ndipo uanze upya.

Darubini ikikaa juu

Kitako cha bulpapu kiko kwenye mstari mmoja na mtutu, kwa hiyo jicho lako linakuwa juu sana ya mtutu kuliko ulivyozoea. Darubini nayo lazima ipande. Kwenye bunduki ya kawaida katikati ya darubini huwa kama sentimita 4.5 juu ya katikati ya mtutu. Kwenye bulpapu sentimita 7 si ajabu. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na mnunuzi hugundua akishafika shambani.

Tuchukue bunduki ya kipimo cha milimita 4.5, yenye risasi ya gramu 0.547 inayotoka kwa mwendo wa mita 241 hivi kwa sekunde. Hiyo ni kama juli 16, ndani ya sheria. Ipatanishe na shabaha ya mita 30. Darubini ikiwa sentimita 4.5 juu ya mtutu, kwa mita 10 risasi itapiga takriban sentimita moja chini ya ulipolenga. Darubini ikiwa sentimita 7 juu, kwa mita hizohizo 10 itapiga chini kwa sentimita mbili na nusu au zaidi kidogo. Kwa panya aliye ghalani, sentimita mbili na nusu ndiyo tofauti kati ya kumuua papo hapo na kumjeruhi akakimbilia ukutani.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao wachezaji wa shabaha wanaupenda. Kwa mita 40, darubini ya juu inakuonyesha risasi imeshuka kama sentimita 2, wakati ile ya chini inaonyesha karibu 3. Darubini ya juu inakunyima karibu na kukupa mbali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba urefu wa darubini ni kasoro tu ya bulpapu. Ni kasoro kwa mwinda panya, na ni faida ndogo kwa anayepiga njiwa aliye juu ya mti mbali kidogo.

Katika mashindano ya shabaha ya mtindo wa kiwindaji huku, shabaha za chuma huwekwa kuanzia yadi 8 hadi 45, yaani kama mita 7 hadi 41, na huruhusiwi kugusa vidude vya kurekebishia darubini ukishaanza. Lazima ujue kwa kichwa risasi yako inaangukia wapi kwa kila umbali. Mwenye bulpapu atateseka zaidi kwenye zile za karibu kabisa, kwa hiyo aanze mazoezi na hizo, mita 7, 8, 9 na 10, aandike kwenye karatasi na kuibandika kitakoni.

Kwa bunduki hizi nne, reli ya Wildcat imeinuliwa tayari, kwa hiyo usinunue vishikio virefu vya darubini bila kujaribu. Utajikuta umeongeza urefu juu ya urefu. Chagua darubini fupi. Ile ndefu yenye lenzi kubwa ya mbele inaifanya bunduki ndogo iwe nzito juu na kuyumba ukiwa umesimama.

Triga

Kwa kuwa triga iko mbele na mitambo iko nyuma, kuna ufito unaopeleka mvuto wa kidole hadi kwenye ndoana inayoachia nyundo. Ufito huo ukiwa na mchezo mwingi au ukipinda kidogo, kidole kinahisi kitu kama mpira: unavuta, unavuta, hujui itaachia lini. Viwanda vyote vinne vimelishughulikia hili, ila kwa mkono wangu HW100 BP na Cricket ndizo zinazoachia kwa ukali unaotabirika, Wildcat inafuata kwa karibu sana, na Kral inahitaji kurekebishwa skrubu zake kwa subira kabla haijatulia. Kwa uwindaji wa mita 25 tofauti hii haimzuii mtu kupata kitoweo. Kwa shabaha ya karatasi, inaonekana.

Hewa na regulata

Hapa ndipo pesa yako nyingine itakapokwenda, na watu wengi huisahau. Bunduki hizi hujazwa hewa ya shinikizo la bar 200 hivi au zaidi, kutegemea aina. Unaweza kutumia pampu ya mkono, mtungi wa wapiga mbizi, au kompresa ndogo ya umeme. Kwa nguvu ya juli 16 matumizi ya hewa ni madogo na pampu ya mkono inatosha mtu mwenye afya, lakini ni kazi, na unyevu unaoingia na hewa hiyo unaweza kuleta kutu ndani ya mtungi wa bunduki. Kama duka la vifaa vya kupiga mbizi liko karibu, mtungi wa lita chache wa bar 300 ni raha zaidi. Mtungi huo nao hupelekwa kukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa, na kituo cha kujazia kitakataa usiokaguliwa.

Tafadhali jaza hewa tu. Usijaze oksijeni hata kidogo, kwa sababu oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi hulipuka. Usitie mafuta ya kawaida ya mashine kwenye tundu la kujazia kwa sababu hiyohiyo. Kwenye bulpapu chuma hicho chenye shinikizo kiko chini ya shavu lako.

Regulata ni kifaa kinachopunguza shinikizo la mtungi na kuliweka palepale kabla hewa haijafika kwenye valvu. HW100 BP, Cricket na Wildcat zinayo. Kral Breaker ya kawaida haina. Bila regulata, mtungi ukiwa umejaa sana shinikizo huibana valvu, nyundo inaifungua kwa shida, na risasi inatoka polepole. Shinikizo likishuka kidogo valvu inafunguka vizuri na risasi inaongeza mwendo. Likishuka zaidi, mwendo unapungua tena. Ukiuchora unapata mgongo wa kilima. Mwenye Kral mwerevu huutafuta ule uwanda wa juu wa kilima kwa kronografu, kile kifaa cha kupimia mwendo wa risasi, kisha anajaza na kujaza upya ndani ya mipaka hiyo tu. Akifanya hivyo anapiga vizuri kwa bei iliyo chini ya nusu ya Wildcat. Asipofanya, atalaumu risasi na darubini bure.

Kronografu ina kazi nyingine muhimu kuliko hiyo. Bunduki za hewa iliyoshindiliwa huwa na tabia ya kutoa nishati kubwa zaidi kwa risasi nzito kuliko kwa nyepesi. Bunduki iliyopimwa juli 15.5 kwa risasi nyepesi inaweza kuvuka 16.27 ukibadilisha risasi, na ikivuka bila cheti, mbele ya sheria umemiliki silaha kinyume cha sheria, hata kama hukujua. Pima kwa risasi nzito utakayotumia. Kral ina gurudumu la kupunguza na kuongeza nguvu, na Wildcat ina marekebisho ya nyundo. Ukishayagusa, pima upya siku hiyohiyo.

4.5 au 5.5?

Risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 1.03 hutoka kwa mita 177 hivi kwa sekunde, na kwa mita 30 huwa imeshuka karibu mara mbili ya ile ya 4.5. Kwa hiyo ukikosea kukadiria umbali kwa mita tano, ya 4.5 inakusamehe zaidi. Kwa shabaha chukua 4.5 bila kusita. Kwa uwindaji wengi hupenda 5.5 kwa kuwa inaacha nishati yake ndani ya mnyama, na ndani ya mita 25 ni chaguo zuri. Mimi ningechukua 4.5 hata kwa sungura, maana risasi iliyofika kichwani ndiyo inayoua, na ya 4.5 ni rahisi zaidi kuifikisha. Usinunue 6.35 kwa kiwango hiki cha nguvu kama wewe ni mgeni. Mkunjo wake wa kushuka unamtaka mtu aliyeizoea sana.

Ningemshauri nani achukue ipi

Mwindaji wa kutembea mashambani achukue Wildcat kama mfuko unaruhusu. Haifiki kilo 3 kabla ya darubini, wenzo uko mahali pake, na mtutu wake ni mirija miwili: ule mwembamba wa ndani uliobonyezwa kwa nje ili kuunda michirizi, ndani ya gamba la nje. Mwembamba huo unaweza kubadilishwa bila kununua bunduki nyingine. Wepesi wake huo huo unaiumiza kwenye shabaha ya kusimama. Uzito wa bulpapu umekaa nyuma, begani, na mdomo wa mtutu unaelea. Ukisimama na upepo ukavuma, msalaba wa darubini hautulii. Kizuia sauti kilichofungwa mbele huongeza uzito kidogo pale unapohitajika.

Anayetaka bunduki moja, Jumamosi shabaha na jioni sungura, ningemwelekeza kwenye HW100 BP. Ndani yake ni mitambo ya HW100, bunduki ambayo wachezaji na wawindaji wameiamini kwa miaka mingi, yenye magazini ya risasi 14, na vipuri vyake hupatikana karibu kila duka la bunduki nchini. Fundi hatakuambia usubiri sehemu kutoka mbali.

Cricket ni ya mtu wa subira anayekaa pahala pamoja. Kitako chake kina nafasi ya kuhifadhi magazini za akiba, na ndani ya maficho ya njiwa hilo linasaidia sana: vidole vya baridi havihangaiki mfukoni. Wenzo wa nyuma haumsumbui aliyekaa na kuegemeza bunduki. Kral Breaker ni ya anayeanza, au ya mkulima anayetaka bunduki ya kuning'inia ghalani kwa ajili ya panya, kwenye kabati lililofungwa ambalo mtoto hafiki. Kitako chake cha mti wa jozi wa Kituruki kinapendeza kuliko bei yake, na ina uzito wa kilo 3.4 hivi unaoifanya itulie kuliko Wildcat. Bei uliyookoa inunulie kronografu na darubini nzuri.

Kwa mchezaji wa shabaha peke yake, anayesimama sana na hawindi, jibu langu ni kwamba aache bulpapu zote nne. Bunduki ndefu yenye uzito mbele itampa alama zaidi.

Kabla ya kutoa pesa

Maelezo yangu ya sheria ni ya England na Wales, na huko mnunuzi lazima awe ametimiza miaka 18. Scotland unahitaji cheti cha bunduki ya upepo tangu tarehe 31 Desemba 2016, na Ireland ya Kaskazini bunduki yoyote inayozidi juli 1 inahitaji cheti cha silaha. Njiani bunduki iwe tupu na ndani ya mfuko wake. Risasi isivuke mpaka wa ardhi uliyoruhusiwa. Hilo ni kosa la jinai hata kama hujamgusa mtu. Ruhusa ya mwenye shamba iandikwe. Kuwapiga sungura na panya kunahitaji ruhusa hiyo, lakini ndege wote wa porini wanalindwa, na njiwa pori anapigwa tu kwa masharti ya leseni ya jumla ya serikali, ambayo hubadilishwa mara kwa mara. Isome kila mwaka.

Wengi wetu tutataka kumla sungura huyo. Kwa Waislamu, wanazuoni wametofautiana juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi kabla hajachinjwa, na kwa ndugu zetu Ithnaasheri sungura mwenyewe haliwi. Muulize shehe wako kabla ya kwenda shambani, uwe na kisu kikali kiunoni. Na risasi za madini ya risasi zikipita kwenye nyama, kata sehemu iliyozunguka jeraha uitupe.

Kuhusu kuipeleka nyumbani likizo: usiipakie kwenye sanduku. Shirika la ndege litaihesabu kuwa silaha, na forodha pia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unakwenda kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mjomba akikuomba umletee ya kupigia kanga, mwambie aanzie kituo cha polisi, aulize juu ya kibali, na akupe jibu la maandishi kabla hujanunua chochote.